Karatasi ya Butembo Mbele ya Hakimu wa Kasese

Bwera na Mpondwe, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, palipo na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, hapakosi mtu anayetafsiri. Mara nyingi ni kijana aliyesoma Beni au Butembo kabla ya kuvuka, au mzaliwa wa huku aliyelelewa na wajomba zake Kasindi, na Kifaransa chake ni kizuri. Analetewa cheti cha kifo, hukumu ya mirathi, hati ya kiwanja. Mwenye karatasi anaitaka kwa Kiingereza kabla jua halijazama, maana kesho asubuhi anapanda gari kwenda mahakamani Kasese. Kijana anachapa, analipwa, karatasi inaondoka. Siku ya kesi ndipo inapogundulika kwamba waraka umesema jambo ambalo mahakama ya Butembo haikulisema kamwe.

Nawaandikia hao wanaochapa, pamoja na familia zinazowapelekea kazi. Kujua Kifaransa na kujua Kiingereza hakutoshi hapa, kwa sababu neno la sheria lina kazi linayoifanya katika nchi yake. Mtafsiri lazima aulize kwanza: kule lilikozaliwa, neno hili linampa nani uwezo gani? Kisha aulize: huku Uganda, nani au nini kinafanya kazi hiyo? Kikipatikana, jina lake la Kiingereza ndilo tafsiri. Kisipopatikana, neno la Kifaransa linaachwa lilivyo na kufafanuliwa. Anayeruka maswali hayo mawili na kufuata sura ya neno atapotosha hata kama sarufi yake haina dosari.

Mpaka wetu ulichorwa na Wabelgiji na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1910, ukawaacha Wakonzo huku na Wanande kule, watu wa lugha moja na koo zilezile. Tunaoana, tunazikana, tunauziana kahawa na vitenge. Sheria ndizo zilizoachana. Kongo ilirithi sheria za Kibelgiji, na Ubelgiji nayo ilizitoa katika Code civil ya Napoleon ya mwaka 1804. Uganda ilirithi sheria ya Kiingereza, inayojengwa sana juu ya hukumu zilizotangulia. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na kukitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Uganda nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Hata hivyo, hukumu ya Butembo inaandikwa kwa Kifaransa na ya Kasese kwa Kiingereza, na tangu Kongo iwe mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, haja ya kuzifanya zisomeke upande wa pili haiwezi kupungua.

Tuchukue mfano. Mtu wa Bwesumbu, huku Uganda, aliacha shamba lake la kahawa mlimani akaenda Butembo kufanya biashara. Akaoa huko, akazaa huko, akafia huko. Watoto wake sasa wanataka shamba la Bwesumbu liingie mikononi mwao kihalali. Ili kulisimamia wanahitaji kile ambacho mahakama za Uganda zinakiita letters of administration, yaani barua za usimamizi wa mirathi, na kabla ya hapo ofisi ya Administrator General itoe cheti kwamba haina pingamizi. Wanakuja na bahasha. Ndani yake mna hati ya kifo cha baba (acte de décès), hati ya ndoa ya wazazi (acte de mariage), karatasi za kuzaliwa za watoto, na hukumu ya mahakama inayomtaja mtoto mkubwa kuwa liquidateur.

Neno hilo la mwisho ndilo mtego wa kwanza. Kiingereza kina liquidator, na mkono unataka kuliandika bila kufikiri. Lakini katika Kiingereza cha mahakama zetu, liquidator ni mtu anayefunga kampuni iliyoshindwa, anauza mali zake na kulipa wadai wake. Karani atakayelisoma ataanza kutafuta kampuni ya marehemu. Katika Code de la famille ya Kongo, ile sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, liquidateur ni yule anayekusanya mali ya marehemu, analipa madeni na kuwagawia warithi. Kama hakuna wosia, kazi hiyo ni ya mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, au yule ambaye warithi wamemchagua mkubwa akikataa, na mahakama inamthibitisha. Huyo kwetu ni msimamizi wa mirathi, administrator.

Je, uandike administrator na kusonga mbele? Hapana, usiandike peke yake. Msomaji wa Kasese ataelewa kwamba mtu huyu tayari ana barua za usimamizi za Uganda, kumbe hana. Ndizo anazokuja kuziomba. Acha neno liquidateur palepale, kisha ongeza maneno machache ya Kiingereza kwamba ni mtu aliyeteuliwa na mahakama ya Kongo kusimamia mirathi kwa sheria ya Kongo. Sentensi inakuwa ndefu kidogo, na hakimu anajua hasa alichoshika mkononi.

Katika bahasha hiyohiyo mna jambo linaloumiza wajane, na ningependa tukae nalo. Acte de mariage ya Kongo huwa na mstari unaosema régime matrimonial, yaani utaratibu wa mali waliouchagua wanandoa. Code de la famille inatoa tatu: kutenganisha mali, kuunganisha mali zote, na kuunganisha zile tu walizochuma wakiwa katika ndoa. Wasipochagua, sheria inawapa huo wa mwisho, unaoitwa communauté réduite aux acquêts. Uganda haina orodha kama hiyo. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe iliyoamuliwa mwaka 2013, ilisema kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama inatazama mchango wa kila mmoja. Sasa mtafsiri anafika kwenye mstari huo, haoni kitu kinachofanana nao, anauruka au anaandika tu kwamba walikuwa wameoana. Kwa kuuruka amefuta jambo zito. Chini ya utaratibu ule, sehemu ya mali waliyochuma pamoja ni ya mjane kwa haki yake mwenyewe hata kabla mirathi haijaanza kuhesabiwa; haingii katika fungu la kugawiwa warithi. Kama mstari huo una athari kwa mali iliyoko Uganda au la, hilo ataliamua wakili na mahakama. Wewe kazi yako ni kuhakikisha kwamba wameuona.

Na usijaribu kuzilinganisha sheria wewe mwenyewe. Kuna kishawishi, kwa sababu namba zinafanana. Kongo inawapa watoto robo tatu ya urithi usio na wosia. Uganda, baada ya Sheria ya Mirathi kurekebishwa mwaka 2022, inawapa asilimia 75. Mtu akiona hivyo anasema ni kitu kimoja. Lakini fungu linalobaki linakwenda njia tofauti: Uganda inampa mwenzi wa marehemu asilimia 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, hali Kongo inaligawa kwa makundi ya mwenzi, wazazi na ndugu wa marehemu. Hukumu ikisema les trois quarts, yaani robo tatu, andika three quarters kwa maneno kama ilivyo. Ukigeuza kuwa asilimia umeanza kuhariri hukumu.

Tuje kwenye vyeti. Mtoto akizaliwa hospitali ya Kongo, wodi ya uzazi inampa mama certificat de naissance. Baadaye mzazi anakwenda ofisi ya état civil, yaani ya usajili wa raia, mtoto anaandikishwa, na hapo ndipo inapotoka acte de naissance. Ya pili ndiyo yenye nguvu mbele ya sheria. Uganda ina ngazi zilezile mbili: hospitali inatoa taarifa ya kuzaliwa, birth notification, na NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inatoa birth certificate. Tazama basi kinachotokea. Anayefuata sura anatafsiri certificat kwa certificate, na karatasi ya wodini inapandishwa cheo. Kisha acte inakuwa act, neno ambalo kwa Kiingereza cha sheria ni sheria ya Bunge, na karatasi kubwa kuliko zote inageuka kitu kisichoeleweka. Mpangilio ulio sahihi ni kinyume na macho yanavyodanganya. Hali ni hiyohiyo kwa kifo: certificat de décès ni ya daktari, acte de décès ni ya état civil.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wasitafsiri kwa kupitia Kiswahili kichwani. Sisi tunaoishi mpakani tuna mazoea hayo: tunasoma Kifaransa, tunakielewa kwa Kiswahili, tunaandika Kiingereza. Kwa barua ya kawaida njia hiyo inafaa. Kwa sheria, neno cheti linameza acte, certificat, attestation na extrait zote, na ukitoka upande wa pili huwezi tena kujua ulikuwa umeshika ipi. Zaidi ya hapo, Kiswahili cha sheria kilichoandikwa sana ni cha Tanzania. Kamusi ya Sheria ya TUKI ya mwaka 1999 ni kitabu kizuri, na tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama, lakini istilahi hizo zilikua juu ya sheria ya Kiingereza. Anayezungumza Kiswahili mbele ya mahakama ya Beni ana mawazo ya Kifaransa nyuma ya maneno yake. Neno lilelile linatoka katika akili mbili za kisheria.

Sasa chukua hukumu yenyewe na uisome nami kuanzia juu. Tuseme ni jugement supplétif, hukumu inayotolewa kwa mtu ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikishwa kwa wakati, ili état civil iweze kumwandikia acte. Muda wa kuandikisha, tangu marekebisho ya mwaka 2016, ni siku 90, kwa hiyo watu wa vijijini na waliokimbia vita wanazo hukumu hizi kwa wingi. Utakutana nazo hata kwa wakimbizi wa Rwamwanja na Kyaka II. Juu kuna jina la mahakama na namba ya kesi; vinakiliwe kama vilivyo, pamoja na herufi zinazotangulia namba, kwa sababu hizo ndizo zinazoonyesha daftari ambamo kesi iliandikwa. Kisha linakuja jina la requérant, mwombaji. Halafu aya ndefu zinazoanza na Attendu que, moja baada ya nyingine, wakati mwingine ukurasa mzima bila nukta. Hizo ni sababu za mahakama. Kwa Kiingereza unaweza kuzivunja kuwa sentensi za kawaida, mradi usipoteze hata sababu moja wala kubadili mpangilio wake.

Kisha unafika Par ces motifs, yaani kwa sababu hizi. Hapa punguza mwendo. Kila kilichotangulia kilikuwa maelezo. Kuanzia hapa mahakama inaamuru. Sehemu hii inaitwa dispositif, na ndiyo pekee inayotekelezwa. Nimeiona ikitafsiriwa kwa neno la Kiingereza linalomaanisha chombo au mashine. Ni amri za mahakama, orders. Ndani yake utakuta Dit pour droit, maneno ambayo Kongo iliyachukua kwa Wabelgiji. Maana yake mahakama inatamka kuwa ndivyo ilivyo kisheria. Utakuta pia kama imeamua contradictoirement, yaani pande zote zikiwepo au zikiwa zimewakilishwa, au par défaut, upande mmoja usipofika. Jambo hilo dogo ndilo wakili wa upande wa pili atakalolitafuta kwanza, kwa hiyo lisipotee katika haraka ya kumaliza ukurasa.

Mwishoni kuna mihuri na maneno mafupi, na mtu aliyechoka huyaandika kwa mkato. Expédition kwenye hukumu ni nakala iliyothibitishwa. Haihusiani na kusafirisha mzigo. Grosse ni nakala yenye amri ya utekelezaji, ile ambayo mtu anaweza kwenda nayo kudai haki yake itekelezwe. Signification ni kumkabidhi rasmi mhusika hukumu kupitia kwa huissier, mjumbe rasmi wa mahakama. Anayeandika meaning au significance amemwambia hakimu kitu kisichokuwapo. Certificat de non-appel ni cheti cha greffier, karani mkuu wa mahakama, kwamba hakuna rufaa iliyokatwa. Familia ikija na hukumu bila cheti hicho, waambie mapema. Mahakama ya huku ina haki ya kuuliza kama hukumu hiyo bado imesimama, na ni rahisi kuituma familia Butembo kabla ya kesi kuliko katikati yake.

Wanaotafsiri sheria za Kihispania kwenda Kiingereza wanapambana na mambo hayohayo, kwa kuwa Hispania nayo ni ya ukoo wa sheria za Kirumi. Sentencia yao ni hukumu nzima, hata katika kesi ya madai isiyo na kifungo; anayeandika sentence anamfunga mtu ambaye hakushtakiwa. Notario wao, kama notaire wa Kongo, anatengeneza waraka wenye nguvu ya ushahidi peke yake, usiopingwa ila kwa kudai rasmi kwamba umeghushiwa. Notary public wa Uganda ni wakili anayeshuhudia sahihi na viapo, na waraka alioutia muhuri haupati uzito huo. Ukiona acte notarié, eleza kwamba ni waraka uliotengenezwa na notaire. Usiishie kusema umepigwa muhuri na mwanasheria.

Majina ya vyeo yanahitaji uangalifu wa namna hiyohiyo. Magistrat wa Kongo anaweza kuwa jaji, na anaweza pia kuwa mwendesha mashtaka, kwa sababu sheria yao inawahesabu wote kuwa magistrats: walioko mahakamani na walioko parquet, ofisi ya mashtaka. Kwetu magistrate ni hakimu peke yake. Ukisoma kwamba mtu alihojiwa na magistrat kisha ukaandika magistrate, umemfanya mwendesha mashtaka kuwa hakimu, na maungamo yaliyotolewa kwake yataonekana kama yalitolewa mbele ya mahakama. Katika kesi ya jinai hilo linaweza kumfunga mtu. Ministère public nayo si wizara. Ni upande wa mashtaka. Na servitude pénale, adhabu inayotajwa katika kanuni ya adhabu ya Kongo ya mwaka 1940, ni kifungo cha kawaida gerezani. Penal servitude ya Kiingereza ilikuwa adhabu ya kazi ngumu ya enzi za zamani, kwa hiyo anayeiandika anamwongezea mfungwa mateso ambayo mahakama haikuyatamka. Neno servitude hilohilo likiwa katika hati ya ardhi ni haki ya kupita au kupitisha maji katika shamba la jirani.

Ardhi ndiyo inayoleta ugomvi mwingi kwetu, na hapa kosa la herufi moja ni kubwa. Hati za Kongo zinapima kwa hekta, are na centiare. Are moja ni mita za mraba 100. Ekari yetu, acre, ni mita za mraba zipatazo 4,047. Kiwanja cha are 10 kikiandikwa ekari 10 kimekuwa kikubwa mara arobaini. Andika kipimo cha asili kwanza, kisha mita za mraba, basi. Usigeuze kuwa futi 50 kwa 100 kwa kuwa ndivyo watu wa Kasese wanavyouziana viwanja.

Concession perpétuelle vilevile haina ndugu yake Uganda. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali pekee, isiyohamishika kwa mwingine. Raia anapewa haki ya kuutumia bila kikomo cha muda. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kinyume, kwamba ardhi ni ya raia wenyewe, na inataja aina nne za umiliki: wa kimila, freehold, mailo na leasehold. Ukiandika freehold umempa mtu umiliki wa udongo ambao Kongo haimpi. Ukiandika leasehold umemwekea kikomo ambacho hana. Liache neno lao, lifafanue kwa sentensi moja. Kanada, inayotunga sheria zake za shirikisho kwa Kiingereza na Kifaransa na kwa mifumo miwili ya sheria, imefika hapohapo: mara nyingi inaweka maneno mawili bega kwa bega, moja la kila mfumo, kuliko kulazimisha moja libebe yote mawili. Na ukikutana na stellionat, usitafute kamusi kwa muda mrefu. Ni kosa la kuuza au kuweka rehani nyumba au ardhi isiyo yako. Eleza hivyo.

Halafu majina. Hapa mzaliwa wa Bukonzo ana elimu ambayo mtafsiri wa Kampala hana, na elimu hiyohiyo inaweza kumponza. Mtoto wa kiume wa kwanza kwetu ni Baluku, kwa Wanande ni Paluku. Wa pili ni Bwambale, kule Kambale. Wa tatu Masereka, kule Kasereka. Wa nne Kule, kule Kakule. Wa tano Thembo, kule Katembo. Wasichana vivyo hivyo: Biira na Kavira, Kabugho na Kavugho, Ithungu na Katungu. Ukiona Paluku kwenye acte ya Butembo na kitambulisho cha Uganda kinasema Baluku, moyo unataka kusawazisha, maana unajua ni mtu mmoja. Usiguse. Ukisawazisha, tafsiri haitalingana na karatasi ya asili, na mtu yeyote mwenye macho ataweza kudai kwamba imeghushiwa. Kinachotakiwa ni hati ya kiapo ya mwenye jina au ya mzee wa ukoo, ikieleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja na kwamba hutofautiana kwa matamshi ya pande mbili za mpaka. Wakili ataiandaa, wewe mwambie tu kwamba inahitajika. Kumbuka pia kwamba Mkongo ana nom, postnom na prénom, na fomu zetu hazina nafasi ya postnom. Nakili yote matatu kwa mpangilio wake na uonyeshe lipi ni lipi, usije ukamfanya Kambale kuwa jina la baba wakati linaeleza tu kwamba ni mvulana wa pili.

Hesabu za fedha zina hatari ndogo lakini ya kila siku. Kifaransa kinatenga maelfu kwa nukta au nafasi, na senti kwa mkato. Dola 1.500,00 za Butembo ni elfu moja na mia tano. Zikibaki hivyo katika Kiingereza zinaweza kusomwa dola moja na nusu.

Kuna wanaoitwa kukalimani kwa mdomo, polisi au mahakamani. Katiba ya Uganda, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila kulipa, na ibara ya 23 inataka aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Katiba ya Kongo, ibara ya 18, inataka vivyo hivyo kwa aliyekamatwa. Kwa hiyo wewe uliyesimama kati ya mshtakiwa na hakimu unabeba haki ya katiba. Sema kila kilichosemwa, kwa nafsi ileile: akisema nilikwenda, sema nilikwenda, wala usiseme anasema alikwenda. Hakimu akitumia neno lisilo na mwenzake, mwombe ruhusa ulieleze, kwa sauti, ili kila mtu asikie kwamba unaeleza. Usimshauri mshtakiwa kwa Lhukonzo, lugha yetu, katikati ya kesi hata kama ni shemeji yako. Kama ni shemeji yako kweli, kazi hiyo ikatae.

Vitabu vya kuwa navyo si vingi. Tafuta Code de la famille pamoja na marekebisho yake ya 2016, sheria ya ardhi ya 1973, kanuni ya adhabu ya Kongo. Upande wa huku, Sheria ya Mirathi na marekebisho yake, Sheria ya Ardhi ya 1998, na katiba zote mbili. Ukikwama, usianzie kwenye kamusi. Anzia kwenye ibara inayoeleza kazi ya neno lenyewe, kisha tafuta ibara ya huku inayoeleza kazi kama hiyo.

Ukimaliza, isomee familia kwa Lhukonzo au Kiswahili, polepole, karatasi ya asili ikiwa mezani. Wazee hawajui Kifaransa lakini wanajua nani aliolewa wapi na shamba lilipakana na nani. Mara nyingi wao ndio wanaoona kwamba mwaka umeandikwa vibaya. Wakikuomba ubadilishe jambo ambalo limeandikwa hivyo katika asili, hata kama wanasema kweli, kataa, uwaelekeze kwa mahakama iliyoliandika. Muhuri usiosomeka, andika kwamba hausomeki. Kisha weka jina lako kamili na anwani yako. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka kila aliyemwandikia mtu wa namna hiyo waraka afanye hivyo, na kufanya hivyo kunahesabiwa kuwa tamko kwamba alisomewa akaelezwa. Tafsiri iambatane na kiapo chako mbele ya kamishna wa viapo, kwamba unazijua lugha zote mbili na umetafsiri kwa uaminifu, na kila ukurasa uwe na herufi za mwanzo za jina lako. Nakala moja ibaki kwako, pamoja na kopi ya karatasi ya Kifaransa uliyoifanyia kazi, kwa sababu wakili wa upande wa pili anaweza kukuita miaka mitatu baadaye ueleze neno moja, na mahakama itataka kuona ulikuwa unasoma nini.